Msitafute Mgeni Ndani ya Nyumba: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Nchi Zilizowahi Kutawaliwa

Waheshimiwa marais, mawaziri wa mambo ya ndani na wa elimu, wabunge, na ninyi mnaoketi kwenye kamati za kuandika mitaala,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa historia na uraia. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya ubao nikifundisha mada isiyokosekana kwenye mtihani: jinsi utaifa ulivyoota katika makoloni. Wanafunzi huikariri vizuri. Kodi ya kichwa, kazi za shuruti, ardhi iliyoporwa, askari waliorudi kutoka vitani, vyama vya siasa, bendera kupandishwa usiku wa manane. Wanapata alama zao, wanasonga mbele, na mimi kwa muda mrefu niliona kazi yangu imeishia hapo.

Kilichonishtua ni karatasi. Mwanafunzi wangu mmoja, binti mwenye bidii kuliko wote darasani, aliniletea fomu ya kujiandikisha kwa mtihani ikiwa imejazwa yote isipokuwa mstari mmoja, ule wa uraia. Nikamuuliza kama amesahau. Akajibu, "Hapana, mwalimu. Sijui niandike nini." Babu yake aliletwa na wakoloni kufanya kazi. Baba yake alizaliwa papa hapa. Yeye mwenyewe hajawahi kuvuka mpaka wowote. Ofisi ya usajili ilikuwa imewarudisha mara nne, kila safari wakiambiwa walete karatasi nyingine, na mara ya mwisho karani alisoma jina la ukoo, akainua macho, akauliza, "Jina hili ni la wapi?" Asubuhi ya siku ile aliponiletea fomu, binti huyo ndiye aliyekuwa ameanzisha wimbo wa taifa gwarideni. Yeye huuanzisha kila mara, kwa kuwa sauti yake haiyumbi.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiuliza ninafundisha nini hasa.

Ombi langu ni moja, nalo nalisema mapema ili hata mwenye haraka aondoke nalo: acheni kulijenga taifa kwa kumsaka mgeni ndani yake. Lijengeni kwa vitu ambavyo kila raia anaweza kuvishika mkononi. Nasema hivi kwa sababu nchi zetu zimeshazijaribu njia zote mbili, na tunajua kila moja ilifika wapi.

Tuanze na jambo ambalo vitabu vyetu hulipita mbio. Nchi zetu nyingi hazikuanza kama mataifa. Mwaka 1914 Waingereza waliiunganisha kaskazini na kusini kuwa Nigeria moja, na sababu kubwa ilikuwa ya kihasibu: kusini kulikuwa na ziada ya mapato, kaskazini kulikuwa na pengo. Visiwa vya Indonesia vilifungwa fungu moja kwa sababu vyote vilitawaliwa na Mholanzi. Kwenye Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 hakuketi Mwafrika hata mmoja. Watu waliojikuta ndani ya mstari mmoja mara nyingi hawakujuana, na baadhi ya waliojuana walikuwa na ugomvi wa vizazi.

Nani basi aliwakutanisha? Mkoloni mwenyewe, bila kukusudia. Aliwatwika mzigo mmoja, nao wakageuka kutazamana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni chumvi. Mwaka 1930 Gandhi, kiongozi wa harakati za kudai uhuru wa India, alikuwa na malalamiko mengi ya kuchagua, yakiwemo makubwa ya kikatiba ambayo wanasheria wenzake waliyapenda zaidi. Akachagua chumvi. Serikali ya Waingereza ilihodhi biashara yake na kuitoza kodi, na chumvi ni kitu anachokitia chunguni Mhindu na Mwislamu, mwenye nyumba na mpagazi wake. Tarehe 12 Machi akaondoka na wafuasi 78, wakatembea kilomita zipatazo 385 hadi pwani ya Dandi, na tarehe 6 Aprili akainama akaokota bonge la chumvi lenye matope. Basi, ni hilo tu. Kabla mwaka haujaisha watu zaidi ya 60,000 walikuwa wameshapitia jela. Waheshimiwa, tazameni lile bonge. Halikumuuliza mtu dini yake wala ukoo wake. Kila aliyewahi kula chakula alikuwa na sehemu yake ndani ya madai yale.

Askari nao walikutanishwa hivyo hivyo. Tarehe 1 Desemba 1944, katika kambi ya Thiaroye nje ya Dakar, wanajeshi Waafrika waliotoka kuipigania Ufaransa walidai malimbikizo ya mishahara yao. Wakapigwa risasi na jeshi lilelile walilolitumikia. Walitoka makoloni mbalimbali ya Afrika Magharibi, lugha zao mbalimbali, na damu ikachanganyika kwenye mchanga mmoja. Huko Accra, tarehe 28 Februari 1948, askari wastaafu walikuwa wanampelekea gavana barua ya malalamiko. Watatu wakauawa njiani, na miaka tisa baadaye, Machi 1957, Ghana ikawa huru. Hata shule zilizokusudiwa kutoa makarani watiifu ziligeuka. Shule ya ualimu ya William Ponty nchini Senegal ilikusanya vijana kutoka pande zote za Afrika Magharibi ya Kifaransa. Humo walipita Félix Houphouët-Boigny na Modibo Keïta, ambao baadaye kila mmoja aliongoza nchi yake. Kijana aliyetoka kwao akijijua kwa jina la ukoo wake, alipofika shuleni akagundua kwamba mbele ya mwalimu Mfaransa yeye na wenzake wote ni "mwenyeji" tu. Neno lililokusudiwa kuwashusha likawaunganisha.

Hivyo ndivyo utaifa wetu ulivyoanza. Adui alikuwa mmoja, anaonekana, ana kofia na bendera. Kisha uhuru ukaja, adui akapanda meli akaondoka, na ile gundi akaondoka nayo.

Hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu hapa ndipo waliowatangulia ofisini walipojikwaa. Nchi iliyounganishwa na adui, adui akiondoka, huanza kumtafuta mwingine. Na wa karibu kabisa kumpata ni jirani mwenye jina lisilozoeleka.

Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, haikungoja hata mwaka uishe. Ilipata uhuru Februari 1948, na mwaka huohuo ikapitisha sheria ya uraia iliyowaacha nje Watamil wa mashamba ya chai, watu wapatao 700,000. Mababu zao waliletwa na Waingereza kutoka kusini mwa India kuchuma majani ya chai milimani. Jasho lao lilijaza hazina ya nchi, na nchi ilipopata jina lake ikawaambia hawana jina. Mwaka 1956 ikaja sheria ya kuifanya Kisinhala lugha pekee ya serikali. Mwaka 1983 vita vikalipuka, vikadumu hadi 2009. Sisemi sheria moja ndiyo iliyozaa vita vyote vile, kwani Watamil wa kaskazini waliochukua silaha walikuwa na historia yao na madai yao. Nasema nchi ilianza safari yake kwa kuhesabu nani atolewe, na hesabu ya namna hiyo ikishaanza haijui kukoma.

Côte d'Ivoire ni somo ninalolirudia darasani kwa sababu lina kipande ambacho wengi hawakijui. Mwaka 1932 Wafaransa waliivunja koloni ya Volta ya Juu, Burkina Faso ya leo, wakaigawa kwa majirani zake, na sehemu kubwa ikaingizwa Côte d'Ivoire. Ikarudishwa kuwa koloni yake yenyewe mwaka 1947. Maana yake ni kwamba kwa miaka 15 mtu angeweza kutoka kijijini kwake karibu na Ouagadougou, akasafiri hadi mashamba ya kakao ya kusini, akaoa, akazaa, asivuke mpaka wowote, kwa kuwa mpaka haukuwepo. Katika miaka ya 1990, baada ya kifo cha Houphouët-Boigny, rais wa kwanza wa nchi hiyo, wanasiasa wakazusha hoja ya "uivori": nani ni mwana halisi wa nchi na nani ni wa kuja. Sheria ya uchaguzi ikamtaka mgombea awe na baba na mama waliozaliwa raia. Alassane Ouattara, mwanasiasa aliyeutaka urais na aliyedaiwa kuwa na asili ya Burkina Faso, akafungiwa mlango. Mwaka 1999 yakaja mapinduzi, mwaka 2002 vita, nchi ikakatika vipande viwili. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2010 pekee ziliua watu wapatao 3,000. Kakao ile ile, mashamba yale yale, watu wale wale. Kilichobadilika ni swali walilokuwa wanaulizwa kwenye vizuizi vya barabarani.

Na asidhani mtu kwamba swali hilo huwakuta wanyonge tu. Kenneth Kaunda aliiongoza Zambia tangu uhuru wa 1964 hadi 1991. Wazazi wake walitoka Nyasaland, Malawi ya leo. Baada ya kuondoka madarakani, mwaka 1996 katiba ikabadilishwa ili wazazi wote wawili wa mgombea urais wawe Wazambia, na mwaka 1999 mahakama ikatamka kwamba Kaunda hana uraia wa nchi hiyo. Mtu aliyefungwa jela akiidai nchi, aliyeipandishia bendera, akaambiwa ni mgeni. Kama panga hili lilimfikia yeye, Waheshimiwa, yule atakayekalia viti vyenu kesho atakosa nini cha kuchimba kwenye ukoo wenu?

Mifano ni mingi na mingine nitaipita haraka. Uganda mwaka 1972 iliwapa Waasia siku 90 waondoke, wakiwemo waliozaliwa humo na wasiojua kwingine. Zaire, yaani Kongo ya leo, iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda kwa sheria ya 1972, kisha ikaubatilisha kwa sheria ya 1981, na mashariki ya Kongo bado inalipa deni hilo. Sheria ya uraia ya Burma, Myanmar ya leo, ya mwaka 1982 ilichukua kama kigezo jamii zilizokuwa nchini kabla ya 1823, yaani mwaka mmoja kabla ya vita vya kwanza na Waingereza. Fikirini maana yake: nchi huru inapima uenyeji wa watu wake kwa kalenda ya kuingia mkoloni. Warohingya, Waislamu walio wachache nchini humo, wakabaki nje, na mwaka 2017 zaidi ya 700,000 kati yao walikimbilia Bangladesh.

Niruhusuni nisimame kidogo kwenye kitambulisho kimoja. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwapa watu wa Rwanda kadi zenye kabila la mwenye kadi: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Watu hao walisema lugha moja, Kinyarwanda, waliishi mlima mmoja, waliabudu pamoja, walioana. Kadi ikaja kugandisha kile ambacho zamani kiliweza kubadilika mtu akipata ng'ombe au akifilisika. Uhuru ulipofika mwaka 1962, Mbelgiji akaondoka. Kadi ikabaki. Serikali ya watu huru iliichapa upya kwa mashine yake na kuigonga muhuri wake, ikiacha ule mstari wa kabila mahali pake, kwa miaka zaidi ya 30. Mwaka 1994 mstari ule, wenye neno moja, ndio uliosomwa kwenye vizuizi kuamua nani apite na nani auawe. Baada ya mauaji ya kimbari ukafutwa. Mimi huwachorea wanafunzi kadi ile ubaoni, mstari kwa mstari, kisha nawaachia kimya cha dakika moja. Hakuna mada nyingine ninayoifundisha hivyo.

Najua mtakachonijibu. Mtasema nchi changa lazima ijilinde, kwamba wapo wanaoghushi vyeti, kwamba mpaka usiolindwa ni mlango usio na komeo. Ni kweli, na hakuna anayewaomba muuze uraia sokoni. Ninachosema ni kwamba mipaka yenyewe tuliirithi kwa makubaliano. Mwaka 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za Afrika waliamua kuiheshimu mipaka ya kikoloni kama ilivyokuwa siku ya uhuru, wakihofia vita visivyo na mwisho. Ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini huwezi kuipokea ramani ya mkoloni pamoja na madini yake, mito yake na bandari zake, kisha ukawakataa watu ambao mkono uleule uliwahamisha. Ukipokea urithi, unapokea wote.

Wapo viongozi walioliona hili mapema. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru wa Tanganyika, bunge lilijadili muswada wa uraia na baadhi ya wabunge wakataka uraia uwe wa Waafrika weusi peke yao. Julius Nyerere alisimama akapinga kwa hasira, akaweka cheo chake rehani: serikali yake ingejiuzulu kama sheria ya ubaguzi ingepita. Uraia ukafungwa kwenye utii kwa nchi, rangi ikawekwa kando. Zamani zaidi, katiba ya Haiti ya mwaka 1805, nchi iliyozaliwa na watumwa walioshinda jeshi la Napoleon, ilitamka kwamba Wahaiti wote wataitwa weusi. Hilo liliwahusu hata Wapolandi na Wajerumani waliopewa uraia, na Wapolandi hao waliletwa kuizima vita ile ile ya uhuru. Katika neno moja watumwa wale wa zamani waliligeuza tusi walilotukanwa kwa karne nzima likawa jina la raia yeyote. Sijapata kuona tendo la utaifa lenye ujasiri zaidi ya hilo.

Lugha nayo ina nguvu kubwa, ila inataka mkono mpole. Oktoba 28, 1928, vijana wa Indonesia walikutana mjini Batavia, Jakarta ya leo, wakaapa kuwa na nchi moja, taifa moja na lugha moja. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la Wajava, na lugha yao ina fasihi ya karne nyingi. Hawakuichagua. Walichagua Kimalay, lugha ya bandarini na sokoni, iliyokuwa ya asili kwa watu wachache, wakaipa jina la taifa. Mwenye nguvu alijizuia, na asiye na nguvu hakuona kwamba amemezwa. Sisi tunaosoma barua hii kwa Kiswahili tunaelewa bila kufafanuliwa: lugha iliyosafiri na misafara, ikafundishwa shuleni, ikatumika kwenye mikutano ya TANU, iliwafaa watu wa makabila zaidi ya 120 kwa sababu hakuna kabila kubwa lililoweza kusema ni mali yake.

Pakistan ilifanya kinyume chake. Machi 1948 Muhammad Ali Jinnah, kiongozi wake wa kwanza, alikwenda Dhaka akawatangazia watu wa mashariki kwamba lugha ya taifa ni Kiurdu peke yake, wakati zaidi ya nusu ya watu wote wa nchi walisema Kibangla. Tarehe 21 Februari 1952 polisi waliwafyatulia risasi wanafunzi walioandamana. Katiba ya 1956 ikakitambua Kibangla, lakini jeraha lilikuwa limeshaoza, na mwaka 1971 Bangladesh ikajitenga kwa vita. Leo tarehe ile ni Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama. Dini moja haikutosha kuishika nchi ambayo upande mmoja ulikuwa unaudharau ulimi wa mwenzake.

Wala lugha moja haitoshi. Somalia ilikuwa na vyote ambavyo wengine wetu tulivitamani: lugha moja, dini moja, na tangu 1972 maandishi rasmi ya lugha hiyo. Nyota ya bendera yake ina ncha tano kwa ajili ya Wasomali wa maeneo matano, wakiwemo walio nje ya mpaka. Lakini mwaka 1988 serikali ya Siad Barre iliupiga mabomu mji wake wenyewe, Hargeisa, kwa ndege zilizoruka kutoka uwanja wa Hargeisa huohuo. Katikati ya mji huo leo imesimamishwa ndege moja ya kivita juu ya jukwaa kama ukumbusho, na watoto hupita chini yake wakienda zao. Watu waliofanana kwa kila kitu walivunjika kwa sababu baadhi yao hawakuwa na sehemu katika nchi: vyeo, maji, malisho na ulinzi viligawiwa kwa koo. Ndiyo maana nasema taifa ni kitu cha kushika mkononi. Mtu anayezungushwa ofisini kwa sababu ya ukoo wake hatalishika kwa wimbo.

Kuhusu majina na bendera nitasema machache. Vinasaidia. Ghana ilichukua jina la dola ya kale iliyokuwa mbali kaskazini, katika Mauritania na Mali za leo, na jina hilo likawapa watu kifua mbele. Burkina Faso ya Thomas Sankara, mwaka 1984, iliunganisha neno la Kimoore na la Kidyula, na jina la raia wake likamaliziwa kwa kiambishi cha Kifulfulde, hivyo kila mmoja akajisikia yumo. Mobutu, mtawala wa Zaire, naye alibadilisha majina ya nchi, mto, miji na hata majina ya ubatizo ya watu, akapiga marufuku tai shingoni, huku hazina ikikauka. Alipoanguka mwaka 1997 jina la Zaire lilifutwa wiki ileile, na sikusikia aliyelilia.

Jambo linaloniuma zaidi, labda kwa kuwa ndiyo kazi yangu, ni historia mnayotuagiza tufundishe. Waandishi wa mitaala, mnatupa mashujaa waliosafishwa na makabila yaliyopendana siku zote. Watoto si wajinga. Nyumbani wanasikia habari nyingine. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, lakini amri ya kikoloni ya kuwapiga marufuku Mau Mau iliendelea kuwa sheria hadi 2003. Kwa miaka 40, mzee aliyekwenda msituni kuidai nchi alikuwa, kwa mujibu wa sheria ya nchi aliyoidai, mwanachama wa kundi haramu. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wahanga 5,228 wa mateso ya kambini. Ukweli ulipotoka nchi haikuanguka. Wazee walilia mbele ya kamera, wajukuu wakauliza maswali. Hilo ndilo somo la uraia ambalo mimi siwezi kulitoa kwa chaki.

Na msitumie neno "uzalendo" kama fimbo. Kifungu cha uchochezi kilichoingizwa katika sheria ya jinai ya India mwaka 1870 kilimpeleka Gandhi jela mwaka 1922. Baada ya uhuru kikabaki kitabuni, kikatumika dhidi ya waandishi na wanafunzi, hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipokisimamisha mwaka 2022. Pekueni sheria zenu. Nina hakika mtakikuta ndugu yake.

Kazi ninayowaomba inawezekana, imeshafanyika. Wamakonde waliotoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge nchini Kenya waliishi vizazi bila kutambuliwa. Mwaka 2016 walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki yao, na mwaka uliofuata wakapewa vitambulisho. Tanzania mwaka 2014 iliwatangazia uraia watu wapatao 162,000 waliokimbia Burundi mwaka 1972 pamoja na watoto wao. Sri Lanka yenyewe, mwaka 2003, ilipitisha sheria ya kuwapa uraia wale wa mashamba ya chai waliokuwa bado wamesahaulika. Ilichukua miaka 55. Mchumaji aliyekuwa kijana siku ya uhuru, kama alifika hapo, alifika akiwa kikongwe.

Mawaziri wa mambo ya ndani, wekeni katika sheria kwamba aliyezaliwa nchini na wazazi waliozaliwa nchini haulizwi jina lake ni la wapi. Wekeni muda wa mwisho kwa ofisi kujibu, na ikishindwa kujibu, raia apewe cheti. Waondoeni dirishani makarani wanaopima uraia kwa sikio. Mawaziri wa elimu, turuhusuni tufundishe mabaya yetu pamoja na mazuri, na pelekeni watoto wa pande mbalimbali wakasome pamoja wakiwa bado wadogo, kabla hawajafundishwa kuogopana. Wabunge, mnaposimama jukwaani na umati ukiwa moto, litafuteni lile bonge la chumvi, madai ambayo kila aliyesimama pale ana sehemu ndani yake.

Usajili wa mtihani unafungwa mwisho wa mwezi huu. Binti yule amejaza jina lake, tarehe ya kuzaliwa na masomo manane, historia ikiwa ya kwanza. Fomu iko kwenye droo ya meza yangu. Nimeiwekea kalamu juu yake, na kila asubuhi baada ya wimbo wa taifa huja mlangoni kuniuliza kama majibu ya ofisi ya usajili yametoka.

Wenu kwa heshima,
Mwalimu wa historia na uraia